Siku Mayowe Alipoazima Maneno ya Shujaa

Kazi yake ilikuwa kupiga mayowe, basi uani walimwita Mayowe, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Hakukasirika. Alisema afadhali yeye kuliko jirani yake mshona mapazia, ambaye watu walimwita Kipara mchana kweupe na mbele ya wakwe zake.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ua wa mafundi, ukuta mmoja na karakana ya kuchomelea vyuma. Hapo walitia sauti za Kiswahili kwenye katuni za Kijapani, zile za wavulana wanaopigana tangu wimbo wa kwanza mpaka wimbo wa mwisho. Chumba cha ndani kilikuwa cha kurekodia. Kuta zake zilifunikwa magodoro, kilikuwa na dirisha dogo la kioo kinene, na mlango wake mzito ulifungwa kwa komeo la nje kwa sababu kitasa kilikufa zamani. Kabla ya kuingia humo ulivua viatu ukaviacha mlangoni, maana kipaza sauti kilidaka hata mlio wa soli. Chumba cha nje kilikuwa cha kompyuta na spika mbili kubwa, na hizo ndizo zilizousumbua ua mzima.

Bosi wao hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, na mchapakazi kweli. Ila alikuwa na akiba ya mayowe kwenye kompyuta yake: yowe la kuogopa, la kupigwa, la kuanguka kutoka ghorofani, la kumwona shujaa akivuja damu, la kufa. Yote ya Mayowe. Alikuwa akichota humo kama mpishi anavyochota chumvi, anayachomeka kwenye picha, anayacheza kwa sauti ya juu kusikia kama yamekaa. Mteja mgeni akija karakana ya jirani alishtuka na kutaka kukimbia kwenda kusaidia. Fundi wa kuchomelea, baba mmoja mkimya ambaye walimwita Cheche, alimtuliza bila hata kuinua miwani. Ni kazi, alisema, usijali. Siku nyingine aliongeza kuwa leo anakufa wa tatu.

Mayowe aliwajua wanawake wote wa katuni zile kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wote. Ndiye aliyekuwa mganga mwenye bakuli la maji na bendeji. Ndiye aliyekuwa binti wa mfalme anayetekwa, anaokolewa, anatekwa tena kana kwamba hajapata akili. Ndiye aliyekuwa mama wa shujaa, ambaye hufa kabla hujamaliza kuketi vizuri, ili mtoto apate sababu ya kukasirika. Na wote hao, mchoraji aliwaanzia kifuani na mapajani, uso ukaja mwisho kama mtu aliyechelewa mkutano. Wavulana walipewa ndoto, maadui na safari ndefu. Wanawake walipewa jina la shujaa walitamke kwa machozi.

Mmoja tu ndiye aliyempenda kwa moyo wake wote. Huyo walimwita Dada Upanga. Alipoingia kwenye hadithi alipasua jabali kwa pigo moja na kuwalaza majambazi wa bonde zima, halafu akafuta upanga kwa shuka la mkubwa wao. Yeye ndiye aliyemfundisha shujaa kusimama. Siku ile Mayowe alirekodi maneno mengi mpaka koo likakauka kwa raha, akarudi nyumbani akitembea kifua mbele. Haukupita muda, mwanafunzi akamzidi mwalimu kwa mazoezi ya wiki moja. Dada Upanga akaanza kuona haya akimtazama. Kisha akaumia mguu, akawa mtu wa kitandani, anauliza kila anayeingia kama kijana yule amekula.

Na kijana yule, kabla ya kila pambano, alikuwa na maneno yake. Alisema: "Sitoki hapa mpaka mmoja wetu aanguke." Watoto wa mtaa waliyajua. Waliyatumia hata wakiitwa kuoga. Aliyemtolea sauti alikuwa mwanamume mwembamba mwenye pumu, anayeogopa paka, ila mbele ya kipaza sauti alinguruma hasa. Mayowe alisimama kando yake miaka yote ile akisubiri zamu ya kulia, na maneno yalimkaa kichwani kama aliyezaliwa nayo. Siku moja aliyasema kwa mzaha, kwa sauti ya Dada Upanga, na chumba kizima kikacheka. Bosi akapangusa machozi ya kicheko akamwambia mwanamke hasemi hivyo, mama, watazamaji watadhani tumekosea.

Nyumbani Mayowe alikuwa na mtu mmoja tu wa damu yake, mdogo wake wa kike, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimsuka, akamsomesha, akamwoza. Na hapo kwenye kumwoza ndipo moyo wake ulipokuwa ukimuuma, kwa sababu mwanamume mwenyewe alimsifia kwa kinywa chake. Alikuwa muuza viatu mwenye sauti ya upole, anayepiga magoti mbele ya wateja na kuwashika visigino kama anashika yai. Nani angemdhania vibaya? Mke wake ndiye aliyejua kile chuma kirefu cha kuvalia viatu kinauma kiasi gani kikimpiga mtu mgongoni. Alirudi kwa dada yake na jicho lililoziba. Shangazi yao akaja, akazungumza, akamrudisha. Alirudi tena na mbavu zilizopasuka. Shangazi akaja tena na maneno yale yale ya uvumilivu. Kila mara binti alibeba mkoba wake akaondoka kimya, na kila mara Mayowe alilala akisikiliza simu.

Safari hii alikuja asubuhi na mapema, bila mkoba, meno mawili ya mbele hayapo. Mdomo ulikuwa umepasuka mpaka chini ya pua. Mume alimwambia, tena kwa upole ule ule, kwamba akiondoka tena atamfuata amalize kazi. Mayowe alimwosha damu. Alijua yule atakuja kwanza nyumbani, kwa hiyo akamchukua mdogo wake wakaenda wote studio.

Bosi aliwapokea bila maswali. Mchana yeye na mwenye sauti ya shujaa walikwenda kula, wakaiacha kompyuta ikiendelea kurekodi kama desturi yao, maana ilikuwa kizee na ukiisimamisha katikati inagoma mpaka kesho. Mayowe alimwingiza mdogo wake chumba cha ndani apumzike juu ya godoro, akafunga komeo. Yeye akabaki nje na karatasi yake ya siku ile. Ilikuwa siku ya kufa kwa Dada Upanga. Alitafuta maneno ya kuagana, hata sentensi moja, akakuta jina la shujaa na yowe. Akaisonya karatasi ile kana kwamba ni mtu.

Shemeji aliingia bila kubisha. Alikuwa amechomekea shati lake vizuri.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba," Mayowe akajibu. Mazoea ni kitu cha ajabu, hata muuaji akikuamkia utaitikia.

Akaulizia mke wake. Mayowe akasema hayupo, hajamwona. Mwanamume hakubisha. Aliinamisha macho tu, akatazama mlango wa ndani, na pale chini, kando ya viatu vya Mayowe, palikuwa na jozi ya ndala za ngozi zimepangwa pamoja. Muuza viatu hakosei viatu. Zile alizitoa dukani kwake mwenyewe, akamvalisha mwenyewe siku walipochumbiana. Akatabasamu, akapiga hatua kuelekea kwenye komeo. Mayowe akaruka, akaweka mgongo wake kwenye mlango.

Kofi la kwanza lilimziba sikio. La pili lilikuwa ngumi, ikampata kwenye mdomo, akahisi jino likigeuka na ladha ya chuma ikijaa. Ya tatu ilimwangusha juu ya meza, vikombe vikavunjika chini yake na vigae vikamwingia mkononi. Akapiga yowe. Lilikuwa yowe kubwa, la kutoka tumboni, zuri kuliko yote aliyowahi kumpa bosi.

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kuchomelea ilinyamaza kidogo. Akamsikia Cheche akimwambia mteja kwamba leo Mayowe kaamka vizuri, na mteja akacheka, na mashine ikaendelea.

Hapo ndipo aliposhikwa na hofu ya kweli. Akapiga kelele kuomba msaada, akasema nisaidieni, ananiua. Lakini maneno hayo nayo walishayasikia kila wiki. Kulia, kuomba, kuita, vyote alishavimaliza kwa niaba ya wanawake wa kuchorwa, na sasa yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu. Shemeji akamkamata koo kwa mikono miwili akamkandamiza kwenye kioo. Alikaba bila haraka, kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Mayowe alijipinda akitafuta hewa, jicho lake likaangukia ndani. Mdogo wake alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo. Mdomo uliopasuka ulikuwa wazi mpaka mwisho, ngumi zinapiga kioo, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna hata chembe ya sauti iliyotoka nje. Magodoro yalikuwa yanafanya kazi yake.

Akapapasa pembeni. Mkono ukakuta stendi ya zamani ya kipaza sauti, nguzo ya chuma yenye kitako kizito cha duara ambayo bosi aliiweka kuzuia waya. Akaikamata, akaishusha kwenye goti la shemeji kwa nguvu zake zote. Mikono ikaachia koo. Mwanamume akaidaka ile nguzo, wakavutana, akakigeuza kidole cha Mayowe kinyume mpaka kikalia, lakini Mayowe hakuachia. Alimng'ata mkono. Akamng'ata mpaka meno yakakutana na kitu kigumu, naye akapiga kelele kwa mara ya kwanza.

Mayowe akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa tena mlango. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni, na koo lilikuwa limevimba kiasi kwamba kupumua kulikwaruza. Alitaka kusema kitu, na kila neno la wanawake wake wote lilikuwa limekwisha. Yakamtoka yale mengine.

"Sitoki hapa mpaka mmoja wetu aanguke."

Shemeji akamrukia. Kitako cha chuma kikampata sikioni. Akayumba, akaja tena, kikampata begani na mfupa ukalia. Akainua mkono kujikinga, kikapita kwenye kiwiko, na mkono ukabaki ukining'inia upande usio wake. Patashika ile iliangusha spika moja. Mwanamume sasa alikuwa anarudi nyuma na Mayowe ndiye anayefuata, kidole kimevunjika, miguu peku juu ya vigae vya vikombe, akiyarudia maneno yale kwa sauti nzito iliyopasuka. Yule alishaanguka zamani. Alikuwa chini ya meza anasema shemeji, shemeji, tafadhali. Mayowe aliendelea kumpiga. Nisidanganye, hakuwa anamzuia tena. Alikuwa analipa jicho lililoziba, na mbavu, na meno mawili, na huenda pia mguu wa Dada Upanga.

Kwa jirani, Cheche alizima mashine akavua miwani. Kwa miaka mingi alikuwa amezisikia katuni zile kupitia ukutani kuliko watoto wake walivyozitazama, na hajawahi hata siku moja kusikia sauti ya kike ikisema maneno hayo. Alimwambia mteja kwamba hiyo si katuni. Akachukua nyundo akatoka mbio.

Alipoingia, mwanamume alikuwa chini anavuja damu na mwanamke yuko juu yake ameinua chuma kwa mara nyingine. Cheche akatupa nyundo, akamdaka mkono.

"Basi, dada. Ameshaanguka."

Ndiyo hivyo. Mtu wa kuokolewa siku ile alikuwa shemeji.

Lakini subiri usikie ua ulivyoisimulia. Polisi walimchukua mwanamume wakampeleka kufungwa plasta, na kabla hajapata dhamana hadithi ilikuwa imeshatengenezwa upya. Kipara alisimulia jinsi Cheche alivyouvunja mlango kwa teke. Muuza magazeti akaongeza kwamba mwanamume alitoa kisu, Cheche akakinyakua hewani. Mayowe aliwekwa pembeni, nyuma ya mgongo wa fundi, akipiga mayowe na kumwita jina. Cheche mwenyewe alikataa. Alisema yeye alimshika mkono tu, tena alimshika mwanamke. Watu wakacheka wakamsifu kwa unyenyekevu, wakamnunulia soda. Mayowe angewajibu vizuri sana, ila daktari alimkataza kutoa hata neno moja, koo likipasuka ndani hatarudi kazini maisha. Akawa anasikiliza habari zake kama za mtu mwingine, na hasira anaimeza na maji ya uvuguvugu.

Shangazi alikuja na hadithi hiyo hiyo. Alimwita binti pembeni akamwambia mume wake amepigwa na mwanamume wa kando kwa ajili yake, mkono umevunjika mahali pawili, kula analishwa, na tena analia. Mke mwenye utu angekuwa kando ya kitanda chake. Akampa siku chache za kufikiri. Mdogo mtu hakujibu. Ila jioni Mayowe alimwona amekunja nguo zake, ameziweka juu ya mkoba mpya ambao shangazi alikuja nao. Mayowe akamtikisia kichwa, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akatikisa tena. Mdogo wake alitazama kile kidole kilichofungwa kijiti, kisha akatazama chini. Safari zote za nyuma zilianza na kimya hicho, na safari hii dada hana sauti ya kumzuia.

Kesho yake walikwenda wote studio, maana Mayowe hakuthubutu kumwacha peke yake na mkoba ule. Mkoba nao ukaja. Bosi aliwapokea kwa furaha ambayo haikumkaa vizuri mtu mbele ya nyuso kama zile. Alikuwa amekwama na kifo cha Dada Upanga, akasema, mtoa sauti wake hana koo, lakini Mungu si mchoyo. Siku ile ya vurugu kompyuta ilikuwa inarekodi ndani. Akabonyeza kitufe.

Spika iliyobaki ikatoa yowe. Lilianza juu, likapasuka, likavuta pumzi, likaanza tena. Ndani yake kulikuwa na neno dada, dada, dada, na ngumi zinadunda kwenye kioo. Mayowe alilisikia kwa mara ya kwanza. Mdogo wake alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikilia. Katika miaka yake yote ya ndoa alikuwa anauma mto ili majirani wasijue.

Cheche akatokea mlangoni na nyundo yake, akihema. Akawatazama mmoja mmoja, akaona wote wazima, akabaki amesimama pale pale.

"Sauti ya namna hii hainunuliki," bosi akasema, naye aliamini anatoa sifa. "Tunaiweka hapa, Upanga akichomwa. Shujaa anaisikia, anakasirika, anapata nguvu mpya. Itakuwa sehemu kali kuliko zote."

Kwenye kioo cha kompyuta picha ilikuwa imesimama. Dada Upanga yuko angani, mkuki umeingia kifuani na kutokea mgongoni, nywele zimetawanyika vizuri. Mdogo mtu akaisogelea.

"Na yeye anafanya nini baada ya hapo?" akauliza.

"Nani? Shujaa?"

"Huyu dada mwenye upanga."

Bosi akashangaa. "Hafanyi kitu. Ameshakufa."

Binti akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. Kwa ndoa yake alikuwa mke wa nyumbani, lakini kabla ya hapo dada yake alimsomesha kazi za ofisini na kompyuta, na vidole havikuwa vimesahau. Akalitafuta lile yowe, akalichagua, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Bosi akanyoosha mkono, na Cheche akakohoa kidogo kule mlangoni, na mkono ukarudi. Binti akabonyeza ndiyo.

Kisha akatoa simu mkobani, akampigia shangazi. Alizungumza na pengo la meno, maneno mengine yanapita na upepo, lakini yote yalisikika mpaka karakana.

"Shangazi, sikiliza. Aliyempiga ni dada. Fundi alikuja kumwokoa mume wangu, la sivyo angekufa. Waambie wote hivyo. Na mimi sirudi."

Upande wa pili ulianza kusema mambo mengi. Hakuyasikiliza. Aliweka simu mezani ikiendelea kuongea, akaufungua mkoba, akaanza kutoa nguo moja moja na kumpa dada yake azishike.